Jinsi mdudu mdogo anavyozuia meli kubwa Australia na New Zealand

KILA mwaka ifikapo Septemba 1, mawakala wa forodha nchini Australia na New Zealand huanza kuisoma kalenda kwa jicho jingine. Kuanzia siku hiyo hadi Aprili 30, gari, trekta, shehena ya vigae au kontena la vipuri kutoka mataifa mengi ya Ulaya na Amerika Kaskazini haliingii vivi hivi. Mwenye mali sharti kwanza athibitishe kwamba mzigo wake haukumbeba mdudu ambaye urefu wake haufiki hata sentimita 2.

Mdudu huyo ni wa jamii ya kunguni wanaofyonza mimea, na kisayansi anafahamika kama Halyomorpha halys. Ana rangi ya hudhurungi yenye madoadoa, mwili bapa wenye umbo la ngao na michirizi myeupe kwenye vipapasio vyake. Akiguswa au kupondwa hutoa harufu mbaya, na ndiyo sababu anajulikana kama kunguni anukaye.

Hamng'ati mtu wala haambukizi maradhi. Hata hivyo, kwa ajili yake meli zimewahi kugeuzwa zikiwa zimekwisha kufika, mashine za viwandani zimelala bandarini kwa majuma, na waagizaji wa mali wamejikuta wakilipia gharama ambazo hawakuzitia katika hesabu zao.

Swali ambalo mtu angeuliza ni hili: kwa nini mataifa yanayotegemea biashara ya baharini kiasi hicho yakubali kuisumbua biashara hiyo kwa miezi minane ya mwaka kwa sababu ya kunguni? Jibu linaanzia katika tabia za mdudu mwenyewe.

Hafuati chakula, anafuata mwanya

Asili ya kunguni anukaye ni mashariki mwa bara Asia, katika nchi za Uchina, Japani na Korea pamoja na kisiwa cha Taiwan. Hula zaidi ya aina 100 za mimea, yakiwemo matufaha, pea, zabibu, mahindi, soya, nyanya na pilipili. Mdomo wake ni mrija ulio mfano wa sindano. Huudunga katika tunda, akaingiza mate yanayoyeyusha nyama ya tunda hilo, kisha akafyonza utomvu wake.

Tunda lililodungwa likiwa changa hukua likiwa na mashimo na makovu. Lile lililodungwa likiwa limekomaa huonekana zima kwa nje, lakini likikatwa huwa na madoa ya kahawia yaliyokauka mithili ya kizibo cha chupa. Tunda la namna hiyo halina soko, ingawa halimdhuru anayelila.

Msimu wa joto unapokwisha katika nusu ya kaskazini ya dunia na siku zikaanza kuwa fupi, kunguni waliokomaa huacha kula na kuzaana. Hapo huanza kutafuta mahali pakavu, penye giza na pa kujibana, ili walale hadi baridi ipite. Anayetangulia kupata maficho huwavuta wenzake, hata mamia yao wakasongamana mahali pamoja.

Porini maficho hayo huwa chini ya magamba ya miti mikavu au katika nyufa za miamba. Mahali wanapoishi binadamu, nyufa ni nyingi zaidi. Kuna dari za nyumba, mabohari, milango ya magari, injini za matrekta, mabomba ya chuma, na nafasi zilizo kati ya vigae vilivyopangwa juu ya mbao za kubebea mizigo.

Hapo ndipo mtego ulipo. Msomaji aliyezoea habari za karantini ya mimea hutarajia kwamba maafisa wa bandarini wataichunguza mbegu, miche na matunda. Kwa kunguni huyu, sanduku la matunda halitiliwi shaka kama inavyotiliwa mashine ya kuvunia iliyoegeshwa uwanjani kaskazini mwa Italia ikisubiri meli. Mdudu hakuifuata mashine kwa kuwa ni chakula. Aliufuata mwanya uliomo ndani yake.

Meli inapovuka Ikweta, majira hugeuka. Mdudu aliyelala Oktoba, baridi ikikaribia Ulaya, hufika Sydney au Auckland wakati joto linapoanza na miti inapotoa maua. Joto humwamsha. Hutoka mafichoni akiwa na njaa na akitafuta mwenzake wa kuzaa naye, na kwa mkulima wa upande huo wa dunia hapangekuwa na wakati mbaya zaidi. Jike hutaga mayai yapatayo 28 kwa kila fungu chini ya jani, na hurudia kutaga mara kadhaa katika uhai wake.

Sababu hiyo hiyo ndiyo inayoeleza tarehe za msimu. Septemba ni mwezi ambao kunguni wa kaskazini huanza kuingia mafichoni. Kufikia mwisho wa Aprili wamekwisha kutoka wenyewe na kurejea mashambani, na hatari ya kubebwa na mizigo hupungua.

Waliochelewa kumtambua

Nchini Marekani, kunguni wa kwanza kukusanywa alipatikana mwaka wa 1998 katika mji wa Allentown, jimbo la Pennsylvania. Hata hivyo, hakutambuliwa kwa usahihi hadi mwaka wa 2001, kwani alifanana na kunguni wengine wa huko. Kwa miaka kadhaa alihesabiwa kuwa kero ya nyumbani tu, mdudu wa kufagiwa kutoka darini.

Mwaka wa 2010 kero hiyo ilihamia mashambani. Wakulima wa matufaha wa majimbo ya kati ya pwani ya mashariki walipata hasara iliyokadiriwa kuwa dola milioni 37 za Marekani katika msimu mmoja. Wengi walirejea kupulizia dawa kali zinazoua kila aina ya mdudu, na hivyo kuwaangamiza pia wadudu marafiki ambao miaka mingi ilikuwa imetumika kuwalinda.

Italia ilimpata mwaka wa 2012 katika eneo la Modena, ambalo ni kitovu cha kilimo cha pea. Miaka saba baadaye, mnamo 2019, hasara ya sekta ya matunda kaskazini mwa nchi hiyo ilikadiriwa kufikia euro milioni 588. Nchini Georgia, kunguni huyo alishambulia mashamba ya hazeli, njugu ambazo ni tegemeo la maelfu ya familia za magharibi mwa nchi hiyo.

Mnamo 2017 alionekana katika jiji la Santiago, Chile, na huo ukawa ushahidi kwamba anaweza kuweka makao katika nusu ya kusini ya dunia.

Katika visa hivyo jambo moja linajirudia. Kati ya siku mdudu anapoingia na siku mkulima anapolia, hupita miaka kadhaa ya kimya. Kufikia wakati hasara inapoonekana, idadi ya wadudu huwa imepita uwezo wa kuwamaliza. Katika nchi zote ambako kunguni huyu ameenea, hakuna iliyofaulu kumwondoa kabisa.

Australia na New Zealand ziliyatazama mambo hayo kwa hofu. Moja hukuza matufaha, zabibu, pea na njugu kwa wingi, na nyingine ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa tunda la kiwi duniani. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Maswali matatu kabla ya mzigo kuingia

Nchini Australia, mamlaka ya kuuzuia mzigo yanatokana na Sheria ya Usalama wa Kibiolojia ya mwaka wa 2015, iliyochukua mahali pa sheria ya karantini ya 1908. Wizara ya Kilimo, Uvuvi na Misitu ndiyo inayoitekeleza kwa upande wa kunguni. Sheria ya New Zealand ni ya mwaka wa 1993, na utaratibu wa mataifa hayo mawili hufanana kwa mengi.

Mzigo wowote hupimwa kwa maswali matatu. La kwanza ni aina ya bidhaa, ambayo hutambuliwa kwa nambari yake ya ushuru wa forodha. Magari, mashine, vyuma, mbao, mawe, vigae na vioo ni miongoni mwa bidhaa za hatari kubwa ambazo ni lazima zitibiwe, yaani zipashwe joto au zifukizwe dawa. Kundi la pili ni la hatari ya kadiri, ambalo mizigo yake huweza kuteuliwa kwa ukaguzi bila ya kutarajiwa. Bidhaa nyingine haziguswi na masharti haya.

Swali la pili ni nchi ulikotoka mzigo. Orodha ya mataifa yanayohusika hupitiwa kabla ya kila msimu, na imekuwa ikirefuka kadiri mdudu anavyosambaa. Kwa Australia, ilikuwa na nchi 9 katika msimu wa 2018/2019, na msimu uliofuata ikapita 30.

Swali la tatu ni siku ambayo mzigo ulipakiwa melini, kama inavyosomeka katika hati ya usafirishaji wa shehena. Trekta lililopakiwa Agosti 31 halihusiki. Mwenzake aliyepakiwa siku moja baadaye, katika bandari ile ile, atahitaji cheti. Si ajabu basi kwamba mwezi wa Agosti huwa na pilkapilka nyingi katika bandari za Ulaya.

Upo pia msamaha kwa mashine na magari mapya kabisa ambayo hayajatumika wala kujaribiwa nje. Yale yaliyoundwa kuanzia Desemba 1 hayahitaji kutibiwa, mradi mwenye mali awe na ushahidi wa tarehe hiyo. Kufikia Desemba, kunguni wa kaskazini huwa amekwisha kuingia mafichoni na kutulia, hivyo hawezi kukimbilia mashine iliyotoka kiwandani juzi.

Joto, gesi na saa 120

Matibabu yanayokubaliwa ni ya namna tatu. Ya kwanza ni joto. Mzigo hupashwa hadi sehemu yake iliyo baridi kuliko zote ifike nyuzi 56 za Selsiasi na kukaa hapo kwa dakika 30, au nyuzi 60 kwa dakika 10. Kupasha hewa ya chumba ni jambo rahisi. Kazi ipo katika kupasha kiini cha mtambo wa chuma wenye uzito wa tani kadhaa, na kufanya hivyo huweza kuchukua saa nyingi.

Namna ya pili na ya tatu ni kufukiza kwa gesi ya methili bromaidi au ya salfurili floraidi. Kipimo cha kawaida ni gramu 24 au zaidi kwa kila mita moja ya ujazo, kwa muda usiopungua saa 12, joto likiwa nyuzi 10 au zaidi. Gesi sharti iweze kupenya. Mashine iliyofungwa gubigubi kwa nailoni, au kontena lililosheheni hadi dari pasi na nafasi ya hewa, huweza kumwacha mdudu akiwa hai pale pale alipolala.

Namna mzigo ulivyofungashwa ndiyo huamua mahali pa kuutibu. Mzigo ulio wazi, kama vile magari yanayoendeshwa hadi ndani ya meli au mashine zinazosafirishwa bila kontena, ni lazima utibiwe kabla ya kuondoka ng'ambo. Ukifika Australia bila matibabu, hauruhusiwi kushushwa. Sababu yake ni dhahiri: mdudu aliye juu ya mzigo wazi anaweza kuruka kutoka gatini kabla afisa yeyote hajamkaribia.

Kontena lenye pande sita ngumu, kwa upande wake, linaweza kutibiwa baada ya kuwasili, ila lisifunguliwe kwanza. Kulifungua ili kutazama kilichomo ni sawa na kufungua tundu ili kuhesabu ndege.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa Brisbane anayeagiza mashine kubwa ya kufungashia chakula kutoka Bologna, nayo isafirishwe bila kontena mwezi wa Oktoba. Mashine itafukizwa Italia na kampuni iliyosajiliwa na serikali ya Australia. Baada ya hapo saa huanza kuhesabiwa. Mzigo kama huo, katika miezi ya Septemba hadi Novemba, unatakiwa uwe umepakiwa melini ndani ya saa 120 baada ya kutibiwa. Gesi haiachi kinga yoyote nyuma yake. Mashine iliyo safi Jumatatu, ikiachwa uwanjani juma zima, huweza kuwa na wageni wapya kufikia Jumapili.

Meli ikichelewa kuwasili, au mgomo ukitokea bandarini, saa 120 zitapita na kazi itarudiwa tangu mwanzo.

Safarini nako ukaguzi huendelea. Mabaharia wa meli za kubeba magari huagizwa kukagua sitaha kila siku na kuripoti kunguni yeyote wanayemwona, awe hai au amekufa. Meli ikiwasili, maafisa huikagua kabla ya mizigo kushushwa. Mataifa yote mawili pia yamewafunza mbwa kuinusa harufu ya kunguni huyu, nao humfikia pale ambapo jicho la binadamu halifiki.

Meli zilizogeuzwa

Nguvu ya masharti haya ilidhihirika mapema mwaka wa 2018. Meli kadhaa zilizobeba maelfu ya magari kutoka Japani ziliwasili New Zealand, na wakaguzi wakapata kunguni ndani yake. Serikali ilikataa magari yashushwe, na meli zikaamriwa kuondoka katika maji ya nchi hiyo.

Wauzaji wa magari yaliyotumika walijikuta bila mali ya kuuza ilhali wateja walikuwa wakisubiri. Lawama zilikuwa nyingi. Wapo waliosema kwamba serikali imewaadhibu wafanyabiashara wasio na hatia, na wapo wakulima waliosema kwamba serikali imefanya kazi yake kwa mara ya kwanza bila kuona haya. Katika msimu uliofuata masharti yalikazwa zaidi, na sekta ya magari ikalazimika kujenga uwezo wa kutibu magari huko huko Japani.

Australia nayo ilipata onyo lake katika msimu wa 2017/2018. Kunguni hai waligunduliwa ndani ya ghala moja magharibi mwa jiji la Sydney, wakiwa wameletwa na vifaa vya umeme kutoka Italia. Ghala lilifukizwa na mitego ikawekwa katika eneo hilo ili kuhakikisha hakuna aliyetoroka.

Nani anayelipa?

Mwagizaji ndiye anayelipa karibu kila kitu: matibabu, ukaguzi, uhifadhi na ada zinazozidi kila siku kontena linapochelewa kurudishwa kwa mwenyewe. Anayefaidika ni mkulima wa matufaha ambaye mwagizaji huyo huenda hatakutana naye maishani. Hapo ndipo manung'uniko yanapoanzia, na si manung'uniko ya bure.

Wenye mizigo midogo ndio huumia zaidi. Kontena moja huweza kubeba mali ya wafanyabiashara kumi, kila mmoja na maboksi yake. Mmoja wao akiwa na boksi la vipuri vya chuma kutoka nchi iliyo kwenye orodha, kontena zima hutibiwa kabla ya mizigo kutenganishwa. Aliyeleta nguo au vitabu husubiri pamoja na mwenye vipuri, na bidhaa zake hupitia joto au gesi ambayo yeye hakuihitaji.

Yapo pia majaribu ya kudanganya. Cheti cha matibabu ni karatasi, na karatasi huandikwa na mtu. Kampuni inayolipwa kwa kila mzigo inaofukiza huwa na kishawishi cha kupunguza saa au kipimo cha gesi. Kwa sababu hiyo, kampuni zote za ng'ambo zinazotibu mizigo hutakiwa kusajiliwa, na zile ambazo mizigo yake hupatikana na kunguni hai huchunguzwa. Zipo zilizosimamishwa katika misimu iliyopita.

Kampuni ikisimamishwa, balaa humfika pia mteja wake. Vyeti vyake huweza kukataliwa, na mzigo ukahesabiwa kuwa haujatibiwa hata kama tayari uko katikati ya bahari. Mwagizaji aliyechagua kampuni kwa sababu ya bei nafuu hujifunza hapo kwamba rahisi huwa ghali.

Gharama nyingine haimo katika ankara yoyote. Methili bromaidi ni sumu kwa binadamu na huharibu tabaka la ozoni, linaloikinga dunia dhidi ya miale mikali ya jua. Chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, matumizi yake ya kawaida mashambani yaliondolewa hatua kwa hatua, lakini matumizi ya karantini yakaruhusiwa kuendelea. Kwa maneno mengine, gesi ambayo dunia iliamua kuiacha bado inalinda mipaka kwa kukosa mbadala unaofaa kila mahali.

Kwa kutambua kwamba hakuna ukuta usio na ufa, New Zealand imejiandaa pia kwa siku ambayo mdudu atapenya. Mnamo Agosti 2018, mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo iliidhinisha, kwa masharti, kuachiliwa kwa nyigu mdogo mno wa kutoka Asia aitwaye Trissolcus japonicus. Nyigu huyo hutaga mayai yake ndani ya mayai ya kunguni, na kunguni hawaanguliwi. Idhini hiyo ni ya kutumika tu iwapo kunguni atagunduliwa nchini. Italia, ambayo haikuwa na nafasi ya kungoja, ilianza kumwachilia nyigu huyo mashambani mwaka wa 2020.

Somo lililo karibu na nyumbani

Kwa Mkenya, habari hizi si za mbali kama zinavyoonekana. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa hutoka Japani, mojawapo ya nchi za asili ya kunguni huyu. Aidha, Mkenya aliyewahi kuagiza gari anafahamu tayari wazo lililo nyuma ya masharti ya Australia. Gari hukaguliwa Japani kabla ya kupakiwa, ili ithibitishwe kwamba halijapita umri wa miaka minane, ni salama barabarani na halina mionzi. Mpaka wa nchi huwa umesogezwa hadi bandari ya kuondokea, kwa sababu tatizo likishafika Mombasa ni vigumu kulirudisha.

Wakulima wa kahawa nao wanamjua binamu wa kunguni huyu. Antestia, mdudu wa jamii hiyo hiyo, hudunga matunda ya mbuni nchini Kenya. Nchini Rwanda na Burundi amehusishwa na kasoro inayoifanya kahawa iwe na ladha ya viazi, na mnunuzi akigundua ladha hiyo huteremsha bei.

Lakini mfano ulio wazi zaidi umo ghalani. Dumuzi, mdudu anayeyageuza mahindi kuwa unga ndani ya gunia, si wa Afrika. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Aliingia magharibi mwa Tanzania, katika eneo la Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970, na inaaminika aliletwa na shehena ya mahindi yaliyoagizwa kutoka nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa amevuka mpaka na kufika Taveta.

Hatua za kumkabili zilikuja baadaye. Mwaka wa 1992 Kenya ilimwachilia mdudu mwingine anayemla dumuzi, kwa matumaini kama yale ambayo Italia imeyaweka kwa nyigu. Hata hivyo, dumuzi yupo hadi leo. Mnamo 2017 viwavijeshi vamizi, ambao asili yao pia ni bara la Amerika, walithibitishwa katika mashamba ya mahindi nchini, nao wamebaki.

Mwagizaji wa Brisbane anayelalamikia ada ya kufukiza mashine yake ana haki ya kulalamika, kwani ankara inaonekana, ina tarehe na ina jina lake. Gharama ya mdudu aliyekwisha kuingia hulipwa kwa namna nyingine. Mkulima wa Taveta huilipa kila baada ya mavuno anaponunua dawa ya kuhifadhi mahindi, au anapofungua gunia mwezi wa tatu na kukuta vumbi. Hakuna wakala wa forodha aliyewahi kumwandikia ankara ya shehena iliyoshushwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, lakini yeye angali anailipia.